Kuamuru na Kuongoza: Historia ya Mabadiliko katika Nyanda za Juu Kusini



Somo hili lilitolewa kwanza kwa redio, na sasa limepigwa chapa ili wale waliolisikia walisome tena polepole, na wale waliolikosa nao walipate. Kama unasoma pamoja na wenzako katika kikundi, mmoja wenu asome kwa sauti na wengine wasikilize. Mwishoni mtakuta maswali ya kuzungumza. Msiyaruke, maana ndiyo sehemu kubwa ya somo.

Habari yetu ya leo ni mabadiliko. Tangu zamani watu wa Iringa na Mbeya wamekuwa wakiambiwa: badilisheni kilimo chenu, badilisheni nyumba zenu, badilisheni chakula cha watoto wenu, badilisheni namna ya kuendesha vyama vyenu. Wasemaji walikuwa wengi: wazee wa mila, wamisionari, mabwana shamba, wakuu wa mikoa, wataalamu kutoka nchi za mbali. Mara nyingine maneno yao yalishika mizizi. Mara nyingine yalikauka siku ile ile gari la msemaji lilipoondoka. Basi leo tuulize: Kwa nini mabadiliko mengine hukaa na mengine hupotea? Na mtu anayetumwa kuwasaidia wenzake kubadilika, yampasa afanye nini?

Siku hizi kazi hiyo ya kuwasaidia watu kubadilika ina jina lake. Huitwa ukocha. Makampuni na mashirika katika miji mikubwa huwalipa makocha ili wakae na wakuu wa kazi, wawasaidie kuona hali yao na kuchagua njia. Neno lenyewe limesafiri mbali. Katika kijiji cha Kocs, nchini Hungaria, mafundi wa karne ya 15 walitengeneza gari jepesi la kukokotwa na farasi. Jina la kijiji likawa jina la gari, likaenea Ulaya nzima, na Waingereza wakalitamka kwa namna yao. Karibu na mwaka 1830 wanafunzi wa Oxford walianza kulitumia kwa utani, wakimwita hivyo mwalimu aliyewabeba mpaka ng'ambo ya mtihani. Kutoka hapo likaingia katika michezo, na kwa njia ya mpira wa miguu likatufikia sisi.

Tazama kocha wa mpira. Anaufahamu mchezo, lakini filimbi ikishapigwa hana ruhusa ya kuingia uwanjani na kupiga mpira. Goli litafungwa na mchezaji au halitafungwa kabisa. Mwaka 1974 Mmarekani mmoja aliyefundisha tenisi, Timothy Gallwey, aliandika kitabu akaeleza kwamba wanafunzi wake walijifunza upesi zaidi alipopunguza maagizo na kuwataka wauangalie mpira wenyewe, waeleze wanachokiona. Mwaka 1992 Mwingereza John Whitmore aliyapeleka mawazo ya namna hiyo katika ofisi na viwanda: kocha auulize lengo la mtu, aulize hali ilivyo sasa, aulize ni njia zipi zilizopo, kisha aulize mtu atafanya nini. Mwaka 1995 chama cha makocha cha kimataifa kilianzishwa huko Marekani. Tangu hapo imekuwa kazi yenye vyeti na ada.

Lakini, ndugu msomaji, usidhani kwamba jambo lenyewe lilianza huko. Hapa kwetu Nyanda za Juu Kusini tunayo historia yetu ya kuongoza mabadiliko, yenye mafanikio makubwa na yenye damu pia. Tuifuate hatua kwa hatua.

Wazee wa Rungwe na moto mpya

Tuanze Rungwe, kusini mwa Mbeya, katika nchi ya Wanyakyusa. Katika miaka ya 1930 wataalamu wawili, Godfrey Wilson na mkewe Monica, walikaa huko wakiandika habari za mila. Waliona jambo lililowashangaza. Vijana wa kiume walipofika miaka kama kumi hivi waliacha kulala nyumbani kwa baba zao, wakajenga vibanda vyao pembeni. Walikula kwa mama zao, lakini walilala na kuzungumza na wenzao wa rika lao. Kibanda kikawa vibanda, vibanda vikawa kijiji cha rika moja. Humo walijifunza kile walichokiita ukwangala, yaani kukaa vizuri na wenzako, kula pamoja, kuzungumza kwa adabu na kusikilizana. Hakuna aliyewafundisha ukwangala kwa ubao na chaki. Waliupata kwa kuishi.

Kisha, mara moja katika kila kizazi, ilikuja sherehe iliyoitwa ubusoka, yaani kutoka nje. Wakati wa ubusoka chifu mzee aliwakabidhi nchi wana wake wawili wakubwa, na vijana wa rika lao wakapokea uongozi wa vijiji. Wakuu wa vijiji wapya walichaguliwa na wakuu wa zamani waliowaangalia kwa miaka mingi. Mioto ya zamani ilizimwa nyumbani mote, ukawashwa moto mpya kwa kupekecha vijiti, ukagawiwa kila nyumba. Vijana walionywa wasiwe wachoyo, wawapokee wageni, wasikilize watu. Na wazee wakasogea kando, wakawapisha vijana katika ardhi na katika uongozi.

Fikiri jinsi jambo hilo lilivyo gumu. Ni viongozi wangapi leo, wa chama cha ushirika, wa msikiti, wa kanisa au wa shule, wanaoweza kuwaandaa vijana kwa miaka mingi, kisha siku ikifika wakazima moto wao wenyewe? Mila hiyo ilififia katika karne ya 20, na wala hatusemi ilikuwa kamili, maana wanawake hawakuwa na sauti kubwa katika kuchagua. Lakini inatufundisha jambo moja: wazee walijua kwamba kazi ya mwenye kuongoza mabadiliko ina mwisho, na mwisho huo hupangwa mapema.

Matuta ya lazima

Serikali ya Waingereza ilikuja na njia nyingine. Baada ya Vita Kuu ya Pili mabwana shamba walipewa amri za kuhifadhi udongo. Shabaha haikuwa mbaya, maana udongo ulikuwa ukichukuliwa kweli na mvua. Lakini mkulima aliambiwa chimba matuta hapa, punguza ng'ombe, usilime pale, na asipotii alitozwa faini. Mfano unaojulikana sana ni wa milima ya Uluguru, karibu na Morogoro. Huko watu walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi milimani. Kazi ilikuwa nzito, na wengi waliona mazao yao hayaongezeki, kwa sababu kuchimba kulifukia udongo wa juu wenye rutuba na kuleta juu udongo mbaya wa chini. Mwezi wa Julai 1955 watu walikusanyika kupinga, ghasia zikatokea, na mtu mmoja akauawa kwa risasi. Mpango ukaachwa.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtaalamu aliijua habari ya mmomonyoko kwa vitabu, lakini mlima wenyewe aliujua Mluguru. Kama wangekaa chini wakaulizana, huenda wangepata njia ya tatu. Faini ilifunga mdomo wa mkulima, na mtaalamu akakosa kujifunza.

Isimani, 1971

Sasa tuingie katika habari nzito zaidi, iliyotokea Iringa tukiwa tayari taifa huru. Mwezi wa Septemba 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa maandishi yake juu ya ujamaa vijijini. Alieleza wazi kwamba vijiji vya ujamaa haviwezi kujengwa kwa kuwalazimisha watu, maana ujamaa ni imani na imani haitiwi moyoni kwa nguvu. Kazi ya kiongozi ilikuwa kueleza, kushawishi na kuonyesha mfano.

Isimani ni eneo la kaskazini mwa mji wa Iringa, kwenye barabara ya kwenda Dodoma. Lilikuwa eneo la mahindi mengi. Wakulima kadhaa walikuwa na mashamba makubwa na matrekta, na wengine wengi walifanya vibarua au kukodi ardhi. Kwa macho ya siasa ya ujamaa, mahali kama hapo ndipo palipohitaji mabadiliko kuliko pengine popote. Mkuu wa Mkoa, Dr. Wilbert Klerruu, alikuwa msomi mwenye shahada kubwa na mtu mwenye bidii. Mwaka 1971 kampeni ya kuanzisha vijiji vya ujamaa Isimani ilikazwa, na ardhi ya wakulima wakubwa ikatiwa katika mashamba ya vijiji.

Tarehe 25 Desemba 1971, siku ya Krismasi, Dr. Klerruu alifika shambani kwa mkulima Saidi Mwamwindi katika kijiji cha Mkungugu. Palizuka ugomvi. Mwamwindi alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa akafa, akauchukua mwili wake kwa gari mpaka kituo cha polisi mjini Iringa, akajisalimisha. Alishtakiwa, akahukumiwa kifo, akanyongwa. Watu wawili walikufa, familia mbili zikabaki na msiba, na nchi nzima ikatikisika.

Hapana sababu inayohalalisha kuua. Hilo tuliseme wazi. Wala tusifanye haraka kumlaumu marehemu peke yake, maana alitumwa kazi yenye haraka, na wenye kutuma walihesabu vijiji vingapi vimeanzishwa. Linalotupasa kujifunza ni hili: mahali ambapo mtu anaona kila alichokijenga kinaondoka, na hakuna aliyemwuliza neno, hapo hasira hukusanyika kama maji nyuma ya boma bovu. Kiongozi hupita akadhani kimya cha watu ni kukubali.

Njia ya amri haikukoma hapo. Tarehe 6 Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kufikia mwisho wa mwaka 1976 kuishi vijijini kutakuwa ni lazima kwa wote. Operesheni zikafuata. Mwaka 1974 watu wengi wa mkoa wa Iringa walihamishwa. Kufikia mwaka 1977 serikali ilihesabu watu zaidi ya milioni 13 wanaoishi katika vijiji nchini. Vijiji hivyo vilileta shule, zahanati na serikali za vijiji zilizowekwa kwa sheria ya mwaka 1975, na mengi ya hayo yapo mpaka leo. Lakini mashamba ya pamoja, ambayo ndiyo yalikuwa moyo wa mpango, yalififia karibu kila mahali. Majengo yalibaki kwa sababu watu waliyahitaji. Mashamba yalikufa kwa sababu watu wengi hawakuyaona kuwa yao.

Mtu ni Afya, 1973

Katika mwaka ule ule wa 1973 lilifanyika jambo la namna nyingine kabisa. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ikishirikiana na wizara mbalimbali na Radio Tanzania Dar es Salaam, ilianzisha kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa muda wa wiki 12 watu walikusanyika katika vikundi, chini ya mwembe, shuleni, kanisani, nyumbani kwa balozi wa nyumba kumi. Walisikiliza kipindi cha redio, wakasoma kijitabu, wakazungumza, kisha wakaamua la kufanya. Masomo yalikuwa juu ya malaria, safura, kuhara damu, kichocho, kifua kikuu na maji. Washiriki walifika karibu milioni 2. Viongozi wa vikundi waliofunzwa walikuwa kama 75,000.

Tuangalie hao viongozi wa vikundi, maana ndio jambo jipya katika historia yetu. Wengi hawakuwa waganga wala wauguzi. Walikuwa walimu wa shule za msingi, wakulima, watumishi wa chama. Katika mafunzo yao walionywa wasijifanye walimu mbele ya darasa. Kazi yao ilikuwa kufungua mazungumzo, kumpa nafasi aliyenyamaza, kumzuia kwa heshima anayesema mno, na mwisho kuuliza: Sasa sisi hapa tutafanya nini kabla ya wiki ijayo? Kikundi kikajibu, tutachimba vyoo. Kikundi kingine, tutafyeka majani na kufukia madimbwi. Wiki iliyofuata kiongozi aliuliza tena: Mlichokiahidi kimefika wapi?

Vyoo vilichimbwa kwa maelfu mengi nchi nzima. Si kwamba vyote vilitumika vizuri, wala si kwamba hapakuwa na wakubwa waliotisha watu kwa faini. Lakini mamilioni ya watu walionja jambo ambalo amri haiwezi kuleta: kusikia habari, kuipima na hali yao, kuamua, na kuulizwa na wenzao juu ya uamuzi wao. Na hivyo ndivyo anavyofanya kocha wa leo ofisini, ila hapa kazi ilifanywa bure chini ya mwembe.

Mizani ya Iringa, 1983 hadi 1988

Miaka kumi baadaye Iringa ilipata nafasi ya kuandika sura nyingine, na sura hii imesomwa duniani kote. Iringa ni mkoa wa chakula. Hata hivyo watoto wengi walikuwa na utapiamlo, na wengi walikufa. Wazazi waliona mtoto ni mdogo, wakadhani ndivyo alivyoumbwa. Njaa ilikuwa imejificha ndani ya nyumba zenye mahindi.

Mwaka 1983 ulianza mpango wa lishe wa Iringa, ulioendeshwa na serikali pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa, yaani UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha zilizotolewa na serikali ya Italia. Ulianza katika vijiji 168, vyenye watoto wapatao 46,000 wa chini ya miaka mitano. Kwa wakati huo mkoa wa Iringa ulikuwa bado pamoja na Njombe, ambayo ilikuja kuwa mkoa wake mwenyewe mwaka 2012.

Sasa sikiliza jinsi kazi ilivyopangwa. Kila baada ya miezi mitatu kijiji kilikuwa na siku ya afya. Watoto wote walipimwa uzito, na uzito wa kila mmoja ukawekwa alama katika kadi yake. Kadi ilikuwa na rangi: kijani ni salama, kijivu ni hatari, nyekundu ni hatari kubwa. Hata mzazi asiyejua kusoma aliweza kuona mtoto wake yuko wapi na anaelekea wapi. Zamani alama hiyo ilibaki kati ya mama na mwuguzi. Hapa hesabu ya kijiji kizima ilipelekwa mbele ya kamati ya afya na serikali ya kijiji: wangapi wako katika nyekundu, wangapi katika kijivu, na tangu mara ya mwisho wameongezeka au wamepungua.

Kisha yakafuata maswali matatu, ambayo yakawa msingi wa mpango wote. La kwanza, hali ikoje? La pili, kwa nini iko hivyo? La tatu, kwa uwezo tulio nao tufanye nini? Baada ya miezi mitatu mizani ilirudi, na maswali yakarudi vile vile. Mzunguko huo haukumalizika. Kila safari kijiji kilijua zaidi kidogo kuliko safari iliyopita.

Majibu yalikuwa ya kufunua macho. Chakula kilikuwamo nyumbani, lakini mtoto mdogo alilishwa mara mbili tu kwa siku, na tumbo lake halikuweza kubeba chakula cha kutosha kwa mara mbili. Kwa nini mara mbili? Kwa sababu mama alikuwa shambani tangu alfajiri, kisha kuni, kisha maji. Kwa hiyo shida ya mtoto ikaonekana kuwa ni shida ya mzigo wa mama, na shida ya mzigo wa mama ikaonekana kuwa ni jambo la baba na la kijiji. Vijiji vikaanzisha mahali pa kulea na kulishia watoto wakati mama yuko shambani. Wakajifunza kutumia kimea, yaani unga wa nafaka iliyooteshwa, ambao hulainisha uji mzito ili mtoto aweze kula chakula kingi zaidi katika kikombe kile kile. Wakachagua wahudumu wa afya kutoka miongoni mwao wenyewe. Wakafuatilia chanjo.

Katika vijiji hivyo 168, watoto wenye utapiamlo mkali walikuwa asilimia 6.3 mwaka 1984. Mwaka 1988 walikuwa asilimia 1.8. Watoto wote wenye uzito pungufu walishuka kutoka asilimia 56 hadi asilimia 38. Nchi ilikuwa katika dhiki kubwa ya uchumi miaka ile, maduka yakiwa matupu, lakini watoto wa vijiji hivyo walizidi kupona. Mwaka 1990 UNICEF ilipitisha mkakati wake wa lishe kwa dunia nzima, na ndani yake kuna mawazo yaliyokomaa Iringa.

Tusitie chumvi. Fedha zilikuwapo, magari yalikuwapo, chanjo na dawa zilikuwapo. Maswali peke yake hayamponyi mtoto surua. Lakini fedha, magari na dawa vilikuwapo pia katika mipango mingi iliyoshindwa. Hapa viliwekwa mikononi mwa watu waliokwisha kuiona shida yao wenyewe kwa mizani.

Mbeya na shamba darasa

Wakati huo huo kilimo nacho kilikuwa kikitafuta njia. Mbeya tunacho Uyole, kituo kikubwa cha utafiti na mafunzo ya kilimo, kilichojengwa kwa msaada wa nchi za Ulaya ya Kaskazini. Aina za maharage zilizotoka huko, kama Uyole 84 na Uyole 96, zimebeba jina lake mpaka mashambani. Mbegu nzuri ilikuwapo. Swali lilikuwa njia ya kuifikisha.

Kuanzia mwaka 1989, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Tanzania ilijaribu mtindo wa mafunzo na ziara. Bwana shamba alipata mafunzo kwa ratiba, akawatembelea wakulima wachache waliochaguliwa, nao wawaambie majirani. Ratiba ilikuwa nzuri, lakini maneno yalikwenda upande mmoja, kutoka juu kushuka. Mkulima wa Mbozi kwenye kahawa na mkulima wa Usangu kwenye mpunga hawana shida moja, wala haipatikani ratiba moja ya kuwatosha wote wawili.

Mwaka ule ule wa 1989, huko Indonesia, wakulima wa mpunga walianza kujifunza kwa njia nyingine. Walikutana shambani kila wiki, wakahesabu wadudu waharibifu na wadudu rafiki, wakachora walichokiona, wakabishana, wakaamua kama kuna haja ya kupiga dawa. Mtaalamu alipoulizwa, huyu ni mdudu gani, alijibu kwa swali: Mmemwona akila nini? Njia hiyo ilifika kwetu na kupata jina zuri la Kiswahili: shamba darasa. Mpango wa maendeleo ya sekta ya kilimo ulioanza mwaka 2006 uliieneza katika wilaya nyingi. Bwana shamba hapo akapata jina jipya, mwezeshaji.

Jina jipya, hata hivyo, si tabia mpya. Kuna mwezeshaji anayeuliza maswali huku jibu analo mfukoni, na hatosheki mpaka watu walitaje. Watu hutambua upesi. Hulitaja jibu lake, hupokea soda, hurudi nyumbani kuendelea kama zamani. Swali la namna hiyo ni amri iliyovaa kanzu.

Tunajifunza nini?

Kwanza, anayebadilika ndiye mwenye kuona. Kadi yenye rangi tatu ilifanya kazi ambayo hotuba mia hazikuifanya. Kama wewe ni mwenyekiti wa ushirika na unataka wanachama walipe mikopo, usianze kwa kuwakaripia. Weka hesabu za chama mbele yao, kwa namna ambayo kila mmoja ataielewa, kisha uulize: Tunaona nini hapa?

Pili, swali la kwa nini lazima lifike mbali. Kama Iringa wangeishia kusema akina mama hawalishi watoto vizuri, wangewalaumu akina mama na mambo yangekwisha hapo. Waliuliza tena na tena mpaka swali likamfikia baba, likaifikia na serikali ya kijiji.

Tatu, hatua iwe ndogo na ipimwe tena. Vikundi vya mwaka 1973 viliulizwa wiki iliyofuata. Mizani ilirudi baada ya miezi mitatu. Ahadi isiyo na siku ya kuulizwa ni maneno ya mkutano.

Nne, zipo nyakati ambapo amri yafaa. Kipindupindu kikiingia kijijini hatuketi kuzungumza wiki 12. Visima hufungwa leo, na maelezo hufuata. Lakini amri ni ya dharura. Anayeamuru kila siku atalazimika kusimamia kila siku.

Tano, mwenye kuongoza afikiri siku ya kuondoka kwake. Na hapa, ndugu msomaji, lazima tuseme ukweli unaouma. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Iringa ndiyo mkoa wenye udumavu mwingi kuliko yote nchini: watoto 57 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano walikuwa wafupi kuliko umri wao. Njombe ilikuwa na 50 katika 100. Kwa taifa zima walikuwa 30. Udumavu hupimwa kwa kimo na miaka ya 1980 walipima uzito, kwa hiyo tusilinganishe tarakimu hizo moja kwa moja. Tena hatari ya kufa kwa watoto imepungua sana tangu wakati ule. Lakini hata hivyo inatupasa kuona haya kidogo. Mkoa uliofundisha dunia kuuliza kwa nini mtoto hakui, mkoa unaolisha mikoa mingine kwa mahindi na viazi, una watoto wengi wasiokua inavyopasa.

Mpango una mwaka wa kuanza na mwaka wa kwisha. Mtoto huzaliwa kila siku. Kizazi cha akina mama waliosimama kwenye mizani mwaka 1984 sasa ni mabibi, na wakwe zao hawakuwapo siku zile. Moto uliowashwa na kizazi kimoja hauendelei wenyewe. Lazima upekechwe upya na wale watakaoutumia, kama walivyojua wazee wa Rungwe.

Mizani haikuwa mali ya Italia wala ya UNICEF. Kamba, kadi na mti wa kutundikia vyaweza kupatikana katika kila kijiji chetu, na maswali yale matatu hayahitaji mkopo. Kuuliza si ujinga. Mkianza kesho katika kitongoji kimoja, hamtahitaji ruhusa ya mtu.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Taja mabadiliko mawili yaliyoletwa katika kijiji au mtaa wenu: moja lililokaa na moja lililopotea. Nani aliyeulizwa kabla ya kila moja kuanza?

2. Katika chama, ofisi au shule yenu, ni hesabu gani ambayo wanachama wote wangepaswa kuiona lakini hawaioni? Inaweza kuonyeshwa kwa njia gani hata kwa asiyejua kusoma?

3. Watoto wa chini ya miaka mitano katika nyumba zenu hula mara ngapi kwa siku? Ni nani anayewalisha mama akiwa shambani au sokoni?

4. Nani atakayeshika uongozi wa kikundi chenu miaka mitano ijayo? Mmeanza kumwandaa?

5. Chagueni jambo moja dogo la kufanya kabla ya mkutano ujao. Andikeni jina la mtu atakayewauliza kama limefanyika.